Wa Badri Twawataja, wa Kariakoo Je?

Ndugu msomaji, mwezi uliopita nilipanda gari mpaka Isiolo kwa ajili ya taazia. Kijana wa jamaa yetu aliyeoa huko alifiwa na mkwewe, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa niliyebakia katika nyumba yetu, haikunielekea kutuma rambirambi kwa simu kama wafanyavyo watu siku hizi. Nikenda. Khitma ikasomwa, pilau ikaliwa, na baada ya sala ya Alasiri tukatoka tukaketi barazani, wenyeji kwa wageni, tukinywa chai ya maziwa yenye tangawizi kali, maana kahawa chungu ya kwetu Mombasa huko haina wenyewe.

Isiolo ni mji ambao mtu wa pwani akifika hajioni yuko mbali sana na kwao. Adhana hupishana na adhana, kofia na kanzu ni nyingi, na Kiswahili cha hapo, ingawa kimeingia ladha ya Kiborana, ya Kisomali na ya Kimeru, hakimpotezi mtu njia. Lakini pia ni mji wa askari tangu zamani. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya kikoloni iliwapa mahali pa kukaa hapo Wasomali wa Isaak na wa Harti waliokuwa wametumikia jeshi lake, nao wakajenga, wakafuga, wakazaa. Mpaka leo jeshi la Kenya lina chuo chake cha askari wa miguu papo hapo. Mzee niliyeketi naye ubavuni ni mjukuu wa mmoja wa wale askari wa mwanzo. Jina lake sitalitaja, kwani hakunipa idhini.

Basi ndege ndogo ikapita juu yetu ikielekea uwanja mpya, ule uliofunguliwa mwaka 2017. Mzee akainua macho, akacheka, akasema, "Hizi ni ndege za mirungi na watalii, Maalim. Babangu alikuwa akituhadithia ndege za vita. Mwaka 1940 zilikuwa zikiruka hapo Archers Post, za Makaburu, zimebeba mabomu kwenda kuwapiga Wataliani. Mbuzi walikuwa wakitoa mimba kwa kishindo."

La mbuzi sina hakika nalo, lakini lililobaki ni kweli. Jeshi la anga la Afrika Kusini lilikuwa na ndege zake za mabomu katika uwanja huo, mwendo mfupi kutoka Isiolo, na barabara ya Marsabit na Moyale ilijaa magari ya askari. Moyale yenyewe ilianguka mikononi mwa Wataliani mwezi wa Julai mwaka huo. Na sisi wa pwani tusijidhani tulikuwa watazamaji tu: mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Malindi ilipigwa mabomu ya Kitaliani kutoka angani.

Mazungumzo ya ndege yaliponikuta hapo, nami nikatoa yangu. Nikawahadithia habari za kijana mmoja wa Kanada ambaye nilimsoma nilipokuwa nikitafuta historia ya Port Reitz wakati wa vita. Jina lake Robert Hampton Gray. Alizaliwa mwaka 1917 katika mji wa Trail, jimbo la British Columbia, akakulia mji wa Nelson ulio katikati ya milima. Nyumba yao ilitoa vijana wawili. Mdogo wake, Jack, aliingia jeshi la anga la Kanada akawa katika ndege za mabomu, akifanya kazi ya mitambo ya redio na ya bunduki, naye akafa huko Uingereza mapema mwaka 1942. Hampton yeye alichagua jeshi la majini akawa rubani, na mwaka ule ule aliofiwa na nduguye akaletwa kwetu huku.

Watu wengi hawakumbuki kwamba mwaka 1942, Wajapani walipoupiga mji wa Colombo, manowari za Waingereza za Bahari ya Hindi ziliacha Ceylon zikaja kujificha Kilindini. Ikaonekana pwani yetu yahitaji ulinzi, na ndege za Hurricane za jeshi la majini zikawekwa Tanga na Port Reitz. Kijana huyo alikuwa katika vikosi hivyo kwa kama miaka miwili. Wajapani hawakufika. Yeye akazunguka juu ya minazi yetu na mikonge ya Tanga, akasubiri, kisha mwaka 1944 akapelekwa kwenye meli ya ndege iitwayo Formidable, na hiyo ikamfikisha Japani.

Tarehe 9 Agosti 1945, siku ile ile bomu la atomiki lilipoangushwa Nagasaki, aliongoza ndege zake kushambulia meli za vita katika ghuba ya Onagawa. Akapigwa na mizinga, ndege ikashika moto, naye asigeuze. Akaachia bomu lake, likaizamisha meli ya Kijapani iitwayo Amakusa, kisha na yeye akaingia baharini. Alikuwa na umri wa miaka 27. Siku sita baadaye mfalme wa Japani akatangaza kwamba vita vimekwisha.

Sasa tazama, ndugu msomaji, jinsi watu wa kijana huyu walivyolishika jina lake. Alipewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa, Mkanada wa mwisho kuipata katika vita vile. Maiti yake haikuonekana, lakini jina limechongwa katika ukuta wa Halifax wa waliopotea baharini. Huko kwao mlima umepewa jina lake na la nduguye Jack pamoja. Jeshi la majini la Kanada limeipa meli yake mpya jina hilo. Na lililonishangaza zaidi kuliko yote, kule kule Onagawa, mahali alipokwenda kuua na kuuawa, liko jiwe lenye jina lake, lililosimamishwa mwaka 1989. Wajapani walikubali jiwe la adui yao liwekwe mahali ambapo wao wenyewe walifiwa na wengi. Tsunami ya mwaka 2011 ililiangusha, nao wakalisimamisha tena.

Nilipomaliza, nilitaraji watu waseme masha Allah, au waniulize juu ya tsunami. Kijana mmoja aliyekuwa akimimina chai, mwanafunzi wa sekondari kwa umri wake, akaniuliza, "Na wa kwetu, ami? Wao wako katika jiwe gani?"

Barza ikanyamaza. Mzee akaondoka bila ya kusema kitu, na mimi nikadhani ameudhika. Kumbe amekwenda nyumbani. Akarudi na mkebe wa zamani wa biskuti, ndani yake mna nishani mbili za babu yake zilizoliwa na kutu kwenye utepe, na kipande cha karatasi kisichosomeka tena. "Huyu wangu alirudi," akasema. "Aliyerudi ana nishani. Wale waliokwenda naye wasirudi, hata karatasi hii hawana."

Hapo nikakumbuka ya nyumbani kwetu, nami nitakusimulia kama nilivyowasimulia wao.

Mama yake bibi yangu aliolewa Mombasa karibu na mwaka 1912. Mumewe alikuwa mtu wa kupanda na kuuza, ana minazi yake kumi na mmoja upande wa bara. Mwaka 1917 Waingereza walipokuwa wakimfukuza Mjerumani Lettow-Vorbeck katika misitu ya Tanganyika, mizigo ya jeshi ilikuwa haipiti kwa gari wala kwa mnyama, kwani mbung'o wamewamaliza farasi na punda. Ikaamriwa wachukuliwe watu. Hao ndio jeshi la wapagazi, Carrier Corps, ambalo wazee wetu walishindwa kulitamka wakalifanya Kariakoo. Na jina hilo limebaki Dar es Salaam, na Nairobi likawa Kariokor, watu wananunua nguo na kuku hapo bila ya kujua kwamba wamesimama juu ya msiba. Huyo babu akaenda. Wengine husema alichukuliwa, wengine husema alijiandikisha kwa ajili ya mshahara. Hakurudi.

Hakurudi, na hakuna aliyeleta habari. Si barua, si mtu, si shilingi ya mwisho. Sasa wewe uliyesoma chuoni jiulize: mke huyo ni mke au ni mjane? Katika fiqhi mtu wa namna hiyo huitwa mafqudi, aliyepotea asijulikane hai wala maiti. Imamu Shafi ana kauli mbili juu ya mkewe: ya kale, kwamba angoje miaka minne kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi, ndipo aweze kuolewa, na ile mpya, ambayo ndiyo iliyoshikwa zaidi, kwamba asubiri mpaka ipatikane yakini ya mauti au ya talaka. Bibi mkuu alikuwa na miaka ishirini na kitu. Shekhe mmoja alimwambia hivi, mwingine akamwambia vile, naye kwa kuogopa haramu akashika lile zito. Akasubiri yakini. Watu walikuja kuposa, wa heshima zao, akawarudisha.

Na ile minazi kumi na mmoja? Mali ya mafqudi haigawanywi mpaka ithibiti mauti yake, au kadhi ahukumu kwamba kwa umri wake hawezi kuwa hai. Nazi zikaanguka, zikauzwa, hesabu ikawekwa kama amana. Ndugu wa mume wakanung'unika. Bibi yangu alikuwa akiniambia kwamba akiwa mtoto aliwahi kupigwa kwa kuokota dafu moja, kwa sababu ni mali ya baba yake na baba yake hajafa. Bibi mkuu alifariki mwaka 1958 akiwa hajavua wala hajavaa, kama tusemavyo. Si mke wa mtu, si mjane wa mtu. Mimi niliyejaaliwa kidogo kutunga niliwahi kumtungia, na ubeti mmoja ni huu:

Jina lake liko wapi, enyi mliomwitiya
Siku hazina ufupi, kwa mke wa kungojiya
Eda aanzie vipi, na hana wa kumwambiya
Mali haikugawiwa, hata roho kumtoka

Ndiyo maana sikubaliani na wale wasemao kwamba jina la maiti ni pambo la Wazungu. Kwetu sisi jina la maiti ni hukumu. Juu yake husimama eda, mirathi, deni, wasia na ndoa ya pili. Aliyeandika majina ya ng'ombe waliokufa katika daftari la jeshi, asiandike ya wapagazi, hakukosa adabu tu. Aliwafunga watu walio hai.

Na wala usidhani kwamba jambo hili halikuwa na kanuni. Mwaka 1917, mwaka ule ule aliopotea babu, Waingereza walianzisha tume ya makaburi ya vita, ambayo sasa inaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Msingi wake ulikuwa mzuri sana: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, mkubwa na mdogo sawa, dini na rangi zisitazamwe. Huko Ulaya walilitimiza. Hata Waislamu wa Bara Hindi waliofia huko wana mawe yao yenye maandishi ya Kiarabu. Huku kwetu kalamu ikaishiwa wino. Mwezi wa Aprili mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba baada ya vita vya kwanza watu kati ya 45,000 na 54,000, wa Afrika, Misri na Asia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakutajwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni.

Katika barua za maofisa wa miaka ile, sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba Mwafrika hajafikia daraja ya ustaarabu ya kufahamu maana ya jiwe la kaburi. Nilipoyasoma hayo nilicheka kabla ya kukasirika. Watu waliosema hivyo walikuwa wakipita kila siku mbele ya makaburi yetu ya Gedi, ya Mnarani na ya Lamu, yenye nguzo na tarehe za Hijria, mengine yamejengwa kabla Mwingereza hajakanyaga pwani hii.

Badala ya majina tukapewa masanamu. Liko la Dar es Salaam la mwaka 1927, liko la Nairobi la mwaka 1928, na liko la kwetu Mombasa, Barabara ya Jomo Kenyatta, ambalo matatu huzunguka kando yake zikipiga honi. Maneno yaliyoandikwa hapo yalitungwa na Rudyard Kipling, na yameandikwa kwa Kizungu, kwa Kiswahili na kwa khati ya Kiarabu. Maana yake ni kwamba mtu akiipigania nchi yake akafa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Naam! Watoto ndio waliopewa kazi. Jiwe limeahidi jina, na juu ya jiwe hakuna hata jina moja. Mimi nikiwa mtoto wa chuoni nilikuwa nikisimama hapo nikiyasoma yale ya Kiarabu kwa kujionyesha mbele ya wenzangu, na sikuwahi kujiuliza majina yenyewe yako wapi.

Tena si kwamba haiwezekani. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini ikielekea Ceylon, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, na kundi kubwa kati yao lilikuwa la askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Vita hivi vilikuwa vya pili, dunia imebadilika kidogo, na askari wetu waliozama mle wameandikwa kwa majina katika ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Mtu anaweza kwenda leo akaweka kidole juu ya jina la ami yake. Kati ya babu yangu wa 1917 na yule askari wa 1944 ni miaka ishirini na saba tu, ambayo ndiyo umri wa yule Mkanada.

Nasema haya bila ya kumhusudu Mkanada. Mama yake alipoteza wawili. Nyumba ile ya Nelson haikuchukua jina la nyumba yetu ikalitia katika mlima wake. Wallahi, nilipokuwa nikisoma habari zake nilimpenda kijana yule. Na mtu aliyekaa miaka miwili akiulinda ufuko wangu, kwa amri ya nani si hoja, ana haki ya kutajwa barazani. Kosa si kwamba yeye amekumbukwa mno. Lakini kile alichofanyiwa yeye ndicho kipimo, na kipimo kikishajulikana mtu hawezi tena kuuza kwa kibaba pungufu.

Hapo barazani palikuwa na bwana mmoja, mtu wa dini na mwenye maneno, akanikatiza. "Maalim," akasema, "Mwenyezi Mungu anayajua majina yao yote. Ya nini kutaabika?" Nikamjibu kwamba ni kweli anayajua, na anajua pia deni langu, lakini mdai bado hunitaka niandike. Mwingine, Mborana, akaleta neno zito zaidi. Akasema, "Nyinyi mwalia na Mwingereza wa 1917. Sisi je?" Akautaja wakati ule ambao Waborana wa Waso wanauita Gaafa Dhaabaa, wakati wa kusimamishwa, katika vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, watu walipokusanywa katika kambi za Garba Tula na Merti na kwingineko wazungukwe na walinzi, mifugo ikafa, na watu nao wakafa. "Hiyo ilikuwa bendera yetu wenyewe," akasema. Sikuwa na jibu. Tume ya ukweli ya Kenya iliyatia mambo hayo katika ripoti yake ya mwaka 2013, lakini ripoti si orodha ya majina. Nimeyaandika maneno yake hapa kwa sababu alinitaka niyaandike, na kwa sababu ana haki.

Sasa nije kwenye lile ambalo limenifanya niketi kuandika, na ambalo wasomaji wangu wa pwani wanaweza kunilaumu kwalo.

Sisi tuna Halbadiri. Hakuna mtoto wa pwani asiyelijua neno hili, walau kwa kulitishiwa. Kikiibwa kitu, mtu husema atasoma Halbadiri, na mwizi akisikia huenda akarudisha usiku. Wako maulamaa wasiopenda matumizi hayo, nami siingii humo leo. Ninachotaka tukitazame ni asili ya kisomo chenyewe. Halbadiri ni Ahlul Badri, watu wa Badri, na kisomo chake ni kuyataja majina. Ni watu 313 waliosimama na Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, katika mwaka wa pili wa Hijria. Kumi na wanne wakafa shahidi. Na sisi, baada ya karne kumi na nne, watu wa Mombasa na Lamu na Unguja na Isiolo, ambao hatukuwa na babu hata mmoja katika vita vile, tunawataja mmoja mmoja, huyu mwana wa fulani, huyu wa Muhajirina, huyu wa Ansari. Hakuna aliyetuchongea jiwe. Wamehifadhiwa kwa ulimi na kwa wino wa chuoni.

Basi umma unaoweza kufanya hivyo hauwezi kusema kwamba haujui namna ya kuhifadhi majina. Tunajua kuliko yeyote. Ila tulipofika kwa wapagazi wa Kariakoo tuliona haya. Hawakuwa mashujaa, walibeba masanduku ya risasi na magunia ya unga, walikufa kwa kuhara na kwa njaa, na walikuwa katika vita vya makafiri wawili. Nafikiri hiyo ndiyo sababu ya kweli tuliyowanyamazia, wala si Mwingereza peke yake. Bibi yangu, kila nilipomwuliza juu ya baba yake, alisema tu, "Alipotea safarini," kama kwamba mtu alikwenda Pemba kununua karafuu.

Bwana wa dini akaniuliza kama ninataka wasaliwe. Mtume alimsalia Najashi, mfalme wa Habasha, naye yuko Madina na maiti iko mbali. Akawapanga masahaba safu, akaleta takbiri nne. Habasha hiyo, ukitoka Isiolo ukashika barabara ya Moyale, ndiko uendako. Lakini wenye elimu watanikumbusha, kabla sijapata barua zao, kwamba kwetu Mashafi sala ya ghaibu ina masharti, na kwamba aliyezaliwa baada ya maiti kufa hana nafasi katika sala hiyo. Nalijua hilo. Dua haina sharti hilo, wala khitma.

Ninalolitaka ni dogo na halina gharama. Kila msikiti wa mtaa uwe na daftari moja. Aandikwe mtu aliyetoka asirudi: jina lake, la baba yake, mtaa wake, mwaka aliotoka, na nani asemaye hivyo. Iwe kwa khati ya Kiarabu au ya Kizungu, mamoja. Wajukuu wa watu wale sasa ni wazee wa miaka sabini na themanini, na kila mwezi tunamzika mmoja pamoja na aliyoyasikia. Tume ya makaburi baada ya aibu ya 2021 inatafuta majina Afrika Mashariki, na watafiti wamekuwa wakifunua daftari za zamani za jeshi hapa Kenya. Januari mwaka 2025, mjini Cape Town, ulifunguliwa ukumbusho wa wafanyakazi weusi 1,772 wa vita vile vile vya kwanza, kila mmoja na nguzo yake ya mti na jina lake, baada ya miaka mia moja na zaidi. Walipatikana kwa sababu kulikuwa na karatasi mahali fulani. Kwetu karatasi ni chache. Kilichobaki ni kumbukumbu za vikongwe, nazo hazingoji bajeti.

Mtaniuliza kwa nini mimi mwenyewe sikulitaja hapa jina la babu. Nimeulizwa hata Isiolo. Ni kwa sababu nyumba mbili za ukoo wetu hazijakubaliana juu ya jina la baba yake. Upande mmoja unasema hivi, upande wa pili unasema lile lilikuwa jina la utani. Nimewaita wote baada ya Idi.

Magharibi ilipokaribia yule kijana wa chai aliingia ndani akatoka na daftari la shule, la hesabu, lenye mistari ya viboksi. Akaketi chini mbele ya mzee. Mzee akafumba macho akaanza kuwataja wale waliotoka na babu yake wasirudi, kama alivyowasikia kwa baba yake. Alitaja sita mfululizo na majina ya baba zao. Wa saba akamkumbuka jina la utani tu, kwamba alikuwa mrefu na alikuwa na mwanya. Kijana akauliza aandike nini. Mzee akasema aandike mwanya, aache nafasi mbele yake, na kwamba yuko bibi mmoja upande wa Bula Pesa ambaye huenda anajua; watakwenda kwake Ijumaa baada ya sala.